Mita 60 za Msimbazi: Sheria Iliyokuta Watu Wameshajenga

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kwa miongo kadhaa bonde lake limezua ubishi mmoja: nani aruhusiwe kujenga, na mpaka uwe wapi?

Wataalamu wa mipango miji waliiona hatari mapema. Mpango kabambe wa jiji wa mwaka 1979 ulilitenga bonde hilo na makazi. Lakini Dar es Salaam ilikua kwa kasi kuliko upimaji wa viwanja. Aliyetaka kuishi jirani na Kariakoo alinunua kipande cha ardhi bondeni kwa karatasi iliyoshuhudiwa na mjumbe wa mtaa, akajenga, akaingiza umeme, na wapo waliolipa hata kodi ya jengo. Kila stakabadhi ilimwambia kwamba serikali inamtambua.

Mwaka 2004 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye karatasi ni rahisi. Bondeni ni kazi: kila masika Msimbazi huteremsha mchanga, mkondo ukajaa, maji yakala ukingo na kutafuta njia nyingine. Nyumba iliyokuwa mbali na mto inajikuta ndani ya mita 60 bila mwenyewe kusogeza hata tofali.

Desemba 2011, mvua ambayo jiji halikuwa limeiona kwa zaidi ya nusu karne iliua watu zaidi ya 40. Baadhi ya walionusurika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na vibarua vyao vya mjini. Desemba 2015 zikafuata alama za X nyekundu kwenye kuta za nyumba za kubomolewa, na matingatinga Mkwajuni na maeneo mengine. Wakazi wakakimbilia Mahakama Kuu kuomba zuio.

Katikati ya ubishi huo, serikali yenyewe ilikuwa imejenga Jangwani, ndani ya bonde lilelile, karakana ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016. Mafuriko yakaivamia mara kwa mara na kuharibu mabasi. Hapo ndipo hoja ya wakazi ilipopata nguvu: kama bonde ni hatari kwa nyumba ya chumba na sebule, ni hatari pia kwa mradi wa mabilioni.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde: kuchimba mto, kujenga daraja jipya Jangwani, kuihamisha karakana na kuwalipa wanaoondoka. Ubishi ukahamia kwenye fidia, maana wengi walilalamika kwamba nyumba imethaminiwa, ardhi haikuthaminiwa.

Maji hayajui hati wala cheo, na kuwazuia watu wasijenge njiani mwake ni wajibu. Lakini sheria ya mafuriko huheshimiwa pale bikoni za mpaka zinapopandwa kabla ya msingi wa nyumba kuchimbwa, zikamfunga mwenye kibanda na mwenye ghorofa, raia na serikali. Mipaka mipya ya Msimbazi ikiwekwa hivyo, na anayehamishwa akapewa kiwanja kilichopimwa mahali anapoweza kupata riziki, bonde halitahitaji rangi nyekundu tena.