Mpiga kinanda wa Bath na asteroidi namba 2000

Kati ya Mirihi na Mshtarii kuna jiwe lenye upana wa kilomita zipatazo 16, linalolizunguka jua kwa takriban miaka mitatu na miezi minane. Joachim Schubart aliligundua tarehe 29 Julai 1960 katika kituo cha kuchunguza nyota cha Sonneberg, Ujerumani. Katika orodha ya asteroidi ni la 2000, na namba za elfu kamili aghalabu hutunukiwa wakubwa. Ya 1000 ilimwendea Giuseppe Piazzi, aliyegundua Ceres tarehe 1 Januari 1801. Ya 2000 akapewa William Herschel.

Herschel hutajwa kuwa bingwa wa elimu ya nyota, na ni kweli. Lakini mpaka umri wa miaka 43 mtu huyu alikula kwa muziki. Alizaliwa Hanover mwaka 1738, baba yake mwanamuziki wa bendi ya jeshi, naye akaingia bendi hiyo hiyo akipiga zumari. Vita vilipopamba moto mwaka 1757 alivuka bahari kwenda Uingereza. Huko alinakili nota za wengine apate riziki, akafundisha, akaongoza okestra, akatunga simfonia 24, na mwaka 1766 akapata kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la Octagon mjini Bath.

Muziki ndio uliompeleka angani. Alisoma kitabu cha Robert Smith kuhusu hesabu za sauti, kikamnogea, akatafuta kingine cha mwandishi huyo huyo. Hicho kilieleza mwanga na utengenezaji wa darubini. Darubini kubwa hakuimudu kwa bei, basi akaamua kujitengenezea vioo vyake kwa kuyeyusha shaba na bati, kisha kuvisugua kwa mkono saa baada ya saa.

Hapa lazima nimtaje dada yake, Caroline. Aliletwa Bath mwaka 1772 ajifunze kuimba, na akawa mwimbaji hodari wa sauti ya juu katika kazi za Handel. Alipoitwa kuimba Birmingham alikataa, kwa sababu hakutaka kuongozwa na mtu mwingine ila kaka yake. Lakini kaka naye alikuwa amezama kwenye vioo. Nyumba ikageuka karakana, na Caroline akawa anamlisha tonge kwa tonge, kwani kioo kikishaanza kusuguliwa mkono hautakiwi kuondoka. Sauti yake ikapotelea humo.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, akiwa kwenye bustani ya nyumba yao, Herschel aliona kitu alichodhani ni nyota mkia. Kumbe ilikuwa sayari: Uranus, ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Mwaka uliofuata Mfalme George III alimpa posho ya pauni 200 kwa mwaka, akaacha kazi ya muziki. Mwaka 1802, Ceres na Pallas zilipowashinda wataalamu kuziainisha, ni yeye aliyetangaza jina la asteroidi, akiwa amewaomba marafiki wamsaidie kulitafuta. Mmoja wao alikuwa Charles Burney, mwandishi wa historia ya muziki.

Caroline aligundua nyota mkia nane, na kuanzia mwaka 1787 mfalme alimlipa pauni 50 kwa mwaka. Naye ana asteroidi yake, namba 281, iliyogunduliwa na Johann Palisa mjini Vienna mwaka 1888. Inaitwa Lucretia, jina lake la kati ambalo wachache walilijua. Kwangu hilo ni deni lisilolipwa: mwanamke aliyetoa sauti yake kwa ajili ya vioo hivyo alistahili jina linalotambulika.

Kaka yake naye anadaiwa kusikilizwa. Baadhi ya simfonia zake zimerekodiwa na London Mozart Players chini ya Matthias Bamert, na ni muziki uliosanifiwa barabara, kazi ya mtu aliyeijua fani yake kabla hajaigusa darubini.