Pumzi ya mpagazi wa Tabora na ya mwanaanga hupimwaje?

Kabla ya Reli ya Kati kufika Tabora mwaka 1912, pembe za ndovu na nguo zilipita katika mji huo zikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba takriban kilo 30, na safari kati ya Tabora na pwani ya Bagamoyo ilichukua wiki nyingi. Chombo cha kupima uwezo wake hakikuwapo. Kipimo kilikuwa njia yenyewe, na aliyeishiwa nguvu porini alihatarisha maisha yake.

Leo uwezo huo hupimwa kwa oksijeni. Mtu huvalishwa barakoa, huendesha baiskeli isiyosogea au hukimbia juu ya mkanda unaozunguka, na kazi huongezwa hatua kwa hatua hadi achoke kabisa. Kiwango cha juu cha oksijeni anachotumia huhesabiwa kwa mililita kwa kila kilo ya uzito wake kwa dakika. Kadiri kiwango kilivyo kikubwa, ndivyo moyo, mapafu na misuli vinavyoweza kustahimili kazi nzito.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika elimu hii. Mwaka 1986, Profesa G. M. O. Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo. Ilibainika kuwa waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza matumizi ya oksijeni.

Kwa wanaanga tatizo ni kinyume chake: angani mwili haubebi hata uzito wake. Kiasi cha damu hupungua, nao moyo na misuli hulegea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanaanga 14 wa Kituo cha Kimataifa cha Anga ulionyesha kuwa kiwango chao cha juu cha oksijeni kilishuka kwa takriban asilimia 17 katika wiki mbili za mwanzo, kisha kikapanda polepole kwa mazoezi ya kila siku.

Vipimo hivyo vina umuhimu mkubwa. Chombo kikitua kwa dharura, mwanaanga hulazimika kutoka kwa nguvu zake mwenyewe, akiwa na vazi zito, pengine pasipo na mtu wa kumsaidia.