Kodi Iliyofika Hadi kwenye Rambirambi

Tarehe 1 Aprili 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao la Afrika Mashariki. Kwa nyumba ya kawaida ya kijijini, kiwango kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mkulima alikuwa na mtama, mihogo na kuku. Rupia hakuwa nayo. Mwanzoni nafaka ilipokelewa, na asiyekuwa na kitu alilipa kwa kufanya kazi. Hilo halikuwachukiza watawala hata kidogo, kwani kodi ile ilikusudiwa kuwatoa watu mashambani kwao wakawe vibarua. Walioikusanya walikuwa maakida na askari. Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, Vita vya Maji Maji vikaanza. Kodi ilikuwa mojawapo ya madhila yaliyowafikisha hapo.

Waingereza, waliowafuata Wajerumani, nao mwaka 1922 wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Vijana wa Kigoma na Songea wakashika njia kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Wengi walikuwa wanatafuta fedha ya kodi kabla ya kitu kingine chochote. Huko nyumbani walikoondoka, kulima na kuezeka kuliendelea kwa ujima wa majirani. Hakuna afisa aliyeuhesabu msaada huo, ingawa bila huo kodi isingelipika.

Baada ya uhuru kodi ya kichwa ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilirudi kwa jina jingine, kodi ya maendeleo, serikali za mitaa ziliporejeshwa miaka ya 1980. Wanaoikumbuka wanakumbuka mgambo. Vizuizi viliwekwa njiani siku ya gulio, ukaulizwa stakabadhi, na usipokuwa nayo ukapelekwa ofisi ya kata. Kuna vijiji ambavyo wanaume walilala porini msimu wa makusanyo. Mwaka 1998 wananchi wa Arumeru waligoma waziwazi, wakidai waone kwanza barabara na zahanati ambazo kodi hiyo iliahidi. Dai hilo lilikuwa la haki kabisa. Mwaka 2003 Serikali ikaifuta pamoja na ushuru mwingine mdogomdogo, chini ya jina la kodi zenye kero. Kwa mkulima ilikuwa nafuu ya kweli. Halmashauri, kwa upande wao, zilipoteza chanzo kikubwa cha mapato yao ya ndani na kubaki zikitazama ruzuku kutoka Hazina.

Wakati huohuo ukusanyaji ulikuwa umehamia kwenye bidhaa. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kazi Julai 1996, na miaka miwili baadaye ikaja Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, kwa asilimia 20. Bajeti ya 2009/10 ilishusha kiwango hadi asilimia 18, lakini katika bajeti hiyohiyo Waziri wa Fedha, Mustafa Mkulo, alipendekeza kupunguza misamaha ya mashirika ya dini na asasi za kiraia. Viongozi wa dini walipinga vikali, na kabla bajeti haijapita Serikali ikarudi nyuma. Hoja ya Serikali ilikuwa na uzito, maana misamaha ilitumiwa vibaya na baadhi ya watu. Hata hivyo, hospitali kama Bugando na KCMC zimejengeka juu ya taasisi za dini, na kodi kwenye mashine ya eksirei mwisho wake humfikia mgonjwa.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaitambua asasi ya hisani kwa masharti. Iwe inaondoa umaskini, inatoa elimu, afya, maji au barabara, na Kamishna wa TRA aithibitishe. Mfanyabiashara anayeichangia anaweza kutoa mchango huo kwenye hesabu za kodi, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara yake. Mwalimu anayekatwa kodi kwenye mshahara hana nafasi hiyo, hata akilea yatima watatu wa marehemu kaka yake.

Na hisani yetu nyingi ni ya aina hiyo ya mwalimu. Haina cheti, ina kundi la WhatsApp na mweka hazina. Ndiyo maana tozo ya miamala ya simu iliyoanza 15 Julai 2021 iliwauma watu kuliko wabunge walivyotarajia. Ilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, kwa kutuma na kwa kutoa. Mchango wa msiba ulikatwa mwanandugu alipoutuma, ukakatwa tena mweka hazina alipotoa fedha kwa wakala akanunue sanda au jeneza. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo zinajenga vituo vya afya na madarasa, na vingine vilijengwa kweli. Lakini aliyetuma rambirambi hakuwa anafanya biashara.

Septemba mwaka huo viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Julai 2022 kikomo kikashushwa hadi shilingi 4,000, huku miamala ya benki nayo ikiingizwa, na kelele zikaanza upya. Baada ya miezi michache tu Waziri Mwigulu Nchemba alitangaza bungeni kufutwa kwa baadhi ya tozo kuanzia Oktoba 1, hasa za kuhamisha fedha kupitia benki. Katika kupanda na kushuka huko, hakuna kifungu kilichotenganisha mchango wa msiba na malipo ya bidhaa.