Mstari wa Digrii Moja
Katika jiografia ya sekondari nchini Uganda nilijifunza kuchora latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, mpaka wetu na Tanzania. Sikufundishwa ulikotoka. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliukubali mstari huo mjini Berlin, bila kujali Mto Kagera. Kwa hiyo ardhi iliyo kati ya mto na mstari ikabaki upande wa Wajerumani, leo Tanzania. Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin likaivamia, naye akadai mto ndio mpaka. Vita vikafuata, Aprili 1979 utawala wake ukaanguka. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayechora mpaka afundishwe pia historia yake, asije akadanganywa kwa ramani.