Kitenzi *esar* katika Lugha ya Ido: Asili na Maumbo Yake

Lugha ya Ido ilizaliwa katika mzozo. Esperanto, iliyotolewa na L. L. Zamenhof mjini Warsaw mwaka 1887, ilikwisha kupata wafuasi wengi pale kamati ya wataalamu ilipokutana Paris, Oktoba 1907, ili kuchagua lugha saidizi ya kimataifa. Kamati iliikubali Esperanto kwa sharti kwamba irekebishwe, na iliongozwa na pendekezo lililowasilishwa kwa jina la siri la "Ido", yaani "mzawa" kwa Kiesperanto. Waesperanto wengi walikataa, na marekebisho hayo yakawa lugha ya pili. Kitenzi chenye maana ya "kuwa" kinadhihirisha vyema kiini cha ubishi huo.

Katika Esperanto kitenzi hicho ni *esti*. Ido iliidondosha *t*, ukabaki mzizi *es-*, ulio karibu na *esse* ya Kilatini na *essere* ya Kiitaliano. Viishio vya njeo havikuguswa: *esas* ni wakati uliopo, *esis* uliopita, *esos* ujao, na *esus* ni hali ya masharti. Palipobadilika ni kwingine. Badala ya kitenzi-jina kimoja, Ido ina vitatu kwa kufuata njeo: *esar*, *esir* na *esor*. Kauli ya amri, *estu*, ikawa *esez*, yenye kiishio kinachofanana na cha Kifaransa.

Jambo zito zaidi ni kwamba mzizi huu uligeuzwa kuwa kiambishi. Esperanto husema *estas amata*, "anapendwa". Ido huruhusu *esas amata*, lakini pia hupachika *-es-* ndani ya kitenzi: *amas*, "anapenda", *amesas*, "anapendwa". Vivyo hivyo, *bela*, "-zuri", huzaa *beleso*, hali ya kuwa mzuri.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kulinganisha *amesas* na *anapendwa*, lakini asidhani kwamba *-w-* hiyo inatokana na kitenzi *kuwa*. Asili zao ni mbalimbali. Mfano ulio karibu zaidi ni *-li-* ya wakati uliopita, inayotokana na kitenzi kishirikishi *-li*, ambacho bado kinaonekana katika *aliye* na *walipo*. Katika Kiswahili, kitenzi cha "kuwa" kiligeuka kiambishi polepole, vinywani mwa wasemaji. Katika Ido, badiliko la namna hiyohiyo lilifanywa kwa uamuzi wa watu wachache.  Baadhi ya waliolipinga walihoji ni nani mwenye mamlaka ya kuibadili lugha ambayo tayari ina wasemaji.