Jinsi ya kujikinga na ulaghai wa fedha za simu Kisii na Nyamira

TANGU kampuni ya Safaricom ilipozindua huduma ya M-Pesa mnamo Machi 2007, simu ya mkononi imegeuka kuwa mkoba wa mkulima na mfanyabiashara wa Kisii na Nyamira. Mwuza ndizi wa soko la Daraja Mbili hulipwa kwa simu, mchongaji wa mawe wa Tabaka hupokea fedha za wateja walio mbali kwa njia iyo hiyo, na mzazi wa Keroka hutuma karo bila kupanda matatu.

Penye fedha mwizi hakosi. Hata hivyo, tapeli wa fedha za simu hutofautiana na mvunja nyumba: ni nadra kwake kuvunja mitambo ya kampuni. Yeye humshawishi mwenye mali afungue mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo sababu kinga ya kwanza ni mteja kukataa kuharakishwa.

Misimu ya kuangaliwa zaidi ni ya bonasi ya majani chai, ambayo wakulima wa viwanda vya KTDA kama vile Nyansiongo, Kebirigo na Nyamache hulipwa kwa kawaida karibu na Oktoba, na ya kufunguliwa kwa shule Januari. Wakati huo wengi hungoja ujumbe wa fedha, na anayengoja huamini upesi.

Ujumbe bandia

Mbinu kongwe ni ya ujumbe unaodai kwamba fedha zimeingia, kisha mtu anapiga simu akilia kwamba amezituma kimakosa na mgonjwa wake yuko hospitalini. Ujumbe halisi wa Safaricom huja kwa jina MPESA, wala si kwa nambari ya mtu binafsi. Mteja asisadiki ujumbe pekee. Na aangalie salio lake kwa kupiga *334#.

Iwapo fedha zimeingia kweli, mpokeaji asizirudishe mwenyewe. Amwambie mtumaji aiombe kampuni ibatilishe malipo. Akizirudisha kwa mkono wake, tapeli aweza pia kuomba malipo ya kwanza yabatilishwe, akapata mara mbili. Anayezificha kwa makusudi fedha alizotumiwa kimakosa naye hutenda kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018.

Mpigaji anayejifanya mhudumu

Wengine hujitambulisha kuwa wafanyakazi wa kampuni, wakidai laini itafungwa au mteja ameshinda zawadi. Safaricom huwapigia wateja wake kwa nambari 0722 000 000, na hakuna mhudumu wa kweli anayeuliza nambari ya siri. Anayeitoa hapotezi akiba tu, kwani tapeli aweza pia kukopa kwa jina lake kupitia Fuliza au M-Shwari na kumwachia deni.

Laini kutekwa

Tapeli aliye na nambari ya kitambulisho na habari nyingine za mteja aweza kuomba kadi mpya ya laini yake. Dalili ya kwanza ni simu kupoteza mtandao ghafla huku simu za majirani zikifanya kazi. Hapo mteja atumie simu nyingine kuiarifu kampuni mara moja. Anaweza pia kujikinga mapema kwa kupiga *100*100#, ili laini yake isibadilishwe ila katika duka la Safaricom lenyewe.

Mawakala

Wakala naye huwindwa, kwa kuwa floti yake ni kubwa kuliko akiba ya mteja mmoja. Asitoe fedha taslimu kabla ya kuona ujumbe wa kampuni katika simu yake ya kazi na kuhakiki salio. Adai kitambulisho halisi, aandike kila malipo daftarini, na asimpe mgeni simu hiyo, hata kwa dakika moja.

Ukishalaghaiwa

Kabla ya kutuma, mteja asome jina la mpokeaji linaloonyeshwa kwenye simu. Akishakosea, aupeleke ujumbe wa malipo hayo kwa nambari 456 bila kukawia, kwa maana fedha zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirejesha. Ujumbe wa kilaghai hupelekwa 333. Kisha mwathiriwa apige ripoti katika kituo cha polisi, akiwa amehifadhi ujumbe na nambari zote. Sheria ya 2018 inaruhusu mahakama kumfunga mlaghai wa kutumia kompyuta hadi miaka 10, kumtoza faini isiyozidi Sh20 milioni, au yote mawili.

Aliyetapeliwa asione haya kusema. Nambari iliyomlaghai mkulima wa Kebirigo asubuhi yaweza kumpigia jirani yake jioni, na jirani aliyeonywa hukata simu.