Mbwa wa Uwindaji Kwetu Congo: Anakamata Nyama, ao Anasaidia Tu?

Katika masomo ya historia tunafundisha watoto juu ya wafalme, vita na wakoloni. Juu ya mbwa hatufundishi kitu. Lakini mbwa mdogo wa vijiji vyetu amefika Ulaya na Marekani, ameandikwa katika vitabu, na kule watu wanamlipia pesa nyingi. Wanamwita «basenji». Hapa kwetu, mtoto wa mjini akimwona anamtupia jiwe.

Katika kurasa hizi tunataka kujibu ulizo moja ambalo vijana wanapenda kuuliza: mbwa mdogo namna ile, wa kilo 10 ao 11 tu, anaweza kweli kukamata sungura, mboloko na nyama wengine wa pori? Ao wazee wanamsifu bure? Tutaangalia kwanza ukale wake, kisha kazi yake, kisha majina ambayo wageni walimpa, na mwisho hali yake ya leo.

1. Mbwa wa tangu zamani

Ushahidi wa kwanza uko ndani ya vinywa vyetu. Kiswahili kinasema mbwa, Lingala mbwa, Ciluba mbwa, Kikongo mbwa. Jirani zetu wa Rwanda wanasema imbwa, na Waswahili wengi wa Congo wanasema vile vile. Watu wanaoishi mbali hivi hawakukutana jana ili wapatane juu ya neno moja. Wataalamu wa lugha wanaona kwamba neno hili ni la wazazi wa kale wa lugha za Kibantu. Maana yake, wazee wetu walipoingia katika msitu mkubwa, mbwa walikuwa wanamjua tayari.

Ushahidi wa pili ni wa maandishi. Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyesafiri katika inchi za Uele mwaka 1870, aliwaona mbwa wa Azande. Alieleza kwamba ni wadogo, wenye manyoya mafupi, masikio ya kusimama, na mkia wa kujikunja kama wa nguruwe. Aliona pia kwamba walivalishwa kengele za mti shingoni ili wasipotee katika majani marefu.

Ushahidi wa tatu unatoka upande wa bahari, kwa Wakongo. Kule, kengele ya mbwa inaitwa dibu, na nganga naye alikuwa anaitumia. Wachongaji wao walitengeneza nkisi Kozo, mbwa mwenye vichwa viwili, kimoja mbele, kingine nyuma. Walifikiri kwamba mbwa, kwa sababu anaishi katikati ya kijiji na pori, anaweza pia kuona katikati ya wazima na wafu. Basi mbwa wa kuwinda hakuwa kitu cha kudharauliwa.

2. Kazi yake porini

Sasa turudi kwa ulizo letu. Mbwa huyu habweki kama mbwa wengine. Ana sauti, anaweza kulia na hata kutoa mlio kama wa kuimba, lakini «hau-hau» ya kila saa hana. Ndiyo maana anahitaji kengele. Kengele ile ni ya mti, na ulimi wake ni wa mti vile vile. Wakati wa kutembea kwenda porini, mwindaji anaijaza majani ili isilie. Wakifika mahali pa kazi anayatoa, na kuanzia hapo kengele inakuwa mdomo wa mbwa: mwenyewe anajua yuko wapi, anakwenda upande gani, na kama amepata harufu.

Kule Ituri, tuko na namna mbili za kuwinda ambazo zinatufundisha vizuri. Wambuti wengi wanawinda na nyavu. Zamani nyavu zilisukwa kwa kamba ya mmea uitwao kusa. Kila jamaa inaleta wavu wake, wa makumi ya mita, na zote zinaunganishwa kama nusu ya duara. Wanaume wanakaa karibu na nyavu. Wanawake na watoto wanatoka upande mwingine wakipiga kelele na kupiga majani, na nyama wanakimbilia ndani ya nyavu. Waefe wao wanapenda zaidi upinde. Hao ndio wanaomhitaji mbwa sana, kwa sababu watu wa upinde ni wachache na pori ni pana. Mbwa anaingia vichakani na kengele yake, anamtoa nyama pale alipojificha, na wenye mishale wanamngojea kwenye njia.

Tumfikirie mboloko. Ni nyama mdogo, wa kilo 4 ao 5, rangi ya majivu. Akisikia hatari hakimbii mara moja. Anatulia kimya chini ya majani, na mtu anaweza kupita karibu naye bila kumwona. Lakini pua ya mbwa haidanganywi na kimya. Mbwa akimkaribia, mboloko anaruka na kukimbia. Je, mbwa anamshika? Akiwa mtoto, mgonjwa, ao amekwisha kupigwa mshale, ndiyo, anamshika. Akiwa mzima, mara nyingi anamshinda mbwa kwa kona na vichaka. Mshale ao wavu ndio unaomaliza kazi.

Ndezi ni habari nyingine. Panya huyu mkubwa wa majani marefu anaweza kupita kilo 5, na meno yake yanakata vibaya. Mbwa hodari anamshika na kumwua mwenyewe, lakini wengine wanarudi na midomo iliyopasuka. Na sungura wa savana, kama wale wa Katanga, hachimbi shimo. Analala juu ya ardhi katika majani, na nguvu yake yote ni mbio. Mbwa mmoja peke yake anachoka bure. Wakiwa wawili ao watatu, na watu wamefunga njia, hapo sungura anapatikana.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: mbwa anakamata kidogo, lakini bila yeye watu wangekamata kidogo zaidi. Na desturi yenyewe inalijua jambo hilo. Katika kugawanya nyama, mwenye mshale wa kwanza ana haki yake, na mwenye mbwa aliyemfukuza nyama ana sehemu yake vile vile, hata kama yeye mwenyewe hakutupa mshale. Hiyo ni sheria, haikuandikwa, lakini inafuatwa.

3. «Terrier wa Congo»

Mwaka 1895, mbwa wa namna hii walionyeshwa Uingereza katika maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts. Waingereza waliwaandika kwa jina la «Congo Terrier». Sisi tuliosoma Kifaransa tunajua terrier ni nini: ni shimo la nyama chini ya ardhi. Terrier wa Uingereza ni mbwa wa shimo. Ni mfupi, kifua chake chembamba, anaingia chini kumfuata mbweha. Akimfuata sungura, kazi yake zaidi ni kumtoa nje ili aingie katika wavu ao apigwe bunduki. Kwa mbio, sungura anamwacha.

Basi jina lile halikumfaa mbwa wetu, mwenye miguu mirefu, anayetumia pua, macho na masikio juu ya ardhi. Lakini ona jambo moja: Mwingereza wa shambani na Mwefe wa Ituri, ambao hawakujuana, waligundua ukweli ule ule. Mbwa anamtoa nyama, mtu anammaliza.

Mbwa wale wa 1895 walikufa upesi kwa ugonjwa. Ilikuwa mpaka mwaka 1936, Bibi Olivia Burn alipowapeleka wengine kutoka Congo ya Wabelgiji, ndipo wakazaa na kuendelea kule. Mwaka 1937 walionyeshwa tena Crufts, na watu walijaa kuwatazama.

4. Jina ambalo ni tusi

Safari hii walipewa jina jipya: «basenji». Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Ni neno letu washenzi, lililotoka pwani pamoja na misafara, likageuzwa kidogo katika lugha za Congo. Wakati wa ukoloni, mtu wa kijijini aliitwa musenji, na yule aliyevaa koti na kusema Kifaransa aliitwa évolué. Mbwa wa basenji maana yake ni mbwa wa watu wa porini, wasiostaarabika.

Leo dunia nzima inalitaja jina hilo bila kujua maana. Sisi tunaijua. Na wale walioitwa washenzi ndio waliomchagua mbwa huyo, waliomfundisha, na waliomtunza kizazi kwa kizazi.

Historia yenyewe ilitoa jibu. Mbwa wa Ulaya na Marekani walitoka kwa mababu wachache mno, na magonjwa ya damu na ya figo yalienea kati yao. Katika miaka ya 1987 na 1988, Wamarekani walirudi katika vijiji vya kaskazini ya Zaïre kutafuta mbwa wapya, na mwaka 1990 chama chao kikubwa cha mbwa kilikubali kuwaandika. Walikuja kutafuta afya katika vijiji vile vilivyotukanwa. Na mwaka 2021, wataalamu waliosoma chembe za urithi za basenji waliandika kwamba ukoo wake ni kati ya ile iliyojitenga mapema kabisa na mbwa wengine wa leo.

5. Na leo?

Leo mwindaji mwingi ameacha mbwa na wavu, ameshika bunduki ya kaliba 12 na mitego ya waya. Biashara ya nyama inamsukuma. Waya hauna macho: unamkamata mboloko, unamkamata pia okapi, ambaye analindwa na sheria tangu 1933, na nyama anaweza kuozea pale kabla mwenye mtego hajarudi. Mwenye wavu na mbwa anamwona nyama kabla ya kumwua. Anaweza kumwacha mwenye mimba. Na jioni anarudi kijijini.

Hatusemi kwamba kila mtu aende kuwinda na mbwa. Iko sheria ya uwindaji ya mwaka 1982 na sheria ya 2014 juu ya kulinda viumbe. Mbuga za taifa ni marufuku, na nyama wanaolindwa hawaguswi. Mbwa wenyewe wanapaswa kuchanjwa, juu ya kichaa cha mbwa ambacho kinaua watu kila mwaka. Tunasema tu kwamba ujuzi huu unapotea. Mzee anayejua kuchonga kengele akifa, mwanawe ananunua waya.

Walimu wenzangu, tuwatume wanafunzi kwa wazee wakati wangali wako. Waulize kengele inachongwa kwa mti gani, mbwa mchanga anafundishwa namna gani, na mwenye mbwa anapewa sehemu gani ya nyama. Waandike katika lugha ya kijiji kwanza, kisha katika Kiswahili. Na wakimwona mbwa yule mwenye mkia wa kujikunja, jiwe wabaki nalo mkononi.